Chuo kimesema "ngoja": tunajibu wasomaji wa Lubumbashi

Tangu mwisho wa Machi barua zenu zinafanana. Mtoto aliomba nafasi Marekani, vyuo vikajibu, na kimojawapo hakikusema ndiyo wala hapana. Kimesema jina lake liko kwenye orodha ya kungoja. Nyumbani hakuna anayejua kama ashangilie au anyamaze. Tumechagua barua saba, tumezifupisha, na majina ya watu na vyuo hatukuyataja.

Niko kati ya chuo kilichonikubali na viwili vilivyoniambia ningoje

*"Naishi Katuba, niko mwaka wa sita, Hesabu na Fizikia. Niliomba vyuo vinane. Vitano vimekataa. Viwili vya Massachusetts vimeniweka kwenye orodha ya kungoja. Kimoja cha Ohio kimenikubali: gharama zote za mwaka ni dola 62,000, na wao wanatoa burse (msaada wa fedha za masomo) ya dola 38,000. Familia inasema nikubali Ohio, Mungu atafungua njia. Mimi moyo uko Massachusetts. Tarehe ya mwisho ni 1 Mei."*

Dada, tuanze na Ohio, kwa kuwa huko ndiko tarehe inakukimbiza.

Toa 38,000 kwenye 62,000, unabaki na pengo la dola 24,000. Hilo ni la mwaka mmoja. Kwa miaka minne ni 96,000, tena ikiwa bei haitapanda. Bei za vyuo vya Marekani hupanda karibu kila mwaka, na burse nyingi hubaki palepale, kwa hiyo pengo la mwaka wa nne huwa kubwa kuliko la mwaka wa kwanza. Isome barua ya burse mstari kwa mstari: masomo, chumba, chakula, bima ya afya, vitabu, safari. Mara nyingi tiketi ya ndege haimo, na wakati mwingine hata bima ya afya wameiacha nje. Ukikuta neno linaloonyesha kwamba sehemu ya fedha ni mkopo au kazi ya chuoni, itoe kwenye hesabu. Kazi ya chuoni hulipwa kidogokidogo baada ya kufika, na haiwezi kulipia chumba mwezi wa Agosti.

Kisha kuna fomu ya I-20. Bila hiyo huwezi kuomba viza ya mwanafunzi, na chuo hakiitoi mpaka kione ushahidi kwamba hizo 24,000 za mwaka wa kwanza zipo: taarifa ya benki ya mzazi au ya mdhamini, na barua yake yenye sahihi. Afisa wa viza Kinshasa atauliza jambo hilohilo. Ahadi ya mjomba aliyeko Kolwezi haihesabiwi mpaka iwe kwenye akaunti.

Kwa hiyo wiki hii andikia ofisi ya burse ya Ohio ukurasa mmoja. Usiandike "naomba mniongezee." Andika tarakimu: familia inaweza kutoa dola kadhaa kwa mwaka, pengo linalobaki ni kadhaa. Ambatisha hati ya mshahara wa mzazi, idadi ya watoto wanaolipiwa shule, na jambo lolote lililobadilika tangu ulipojaza fomu za fedha, kama mzazi kupoteza kazi au ugonjwa. Katika barua hiyohiyo omba mambo mengine mawili: muda zaidi wa kuamua, kwa mfano hadi 15 Mei, na kusamehewa avansi ya kushika nafasi. Avansi hiyo huwa dola mia kadhaa na hairudishwi. Vyuo vingi huisamehe kwa familia isiyo na uwezo, ila lazima uombe kabla ya tarehe kupita.

Wakikataa kuongeza, na 24,000 haziko, usilipe avansi. Tunajua neno hili ni gumu nyumbani ambako watu wameshaimba. Lakini nafasi isiyo na fedha itakula avansi, ada za viza na tiketi ya Kinshasa, halafu ikuache Katuba mwezi wa Septemba.

Sasa Massachusetts. Chuo kinachotaka wanafunzi 500 wapya huwaandikia ndiyo labda 1,500, kikijua wengi watakwenda kwingine. Baada ya 1 Mei kinahesabu waliolipa. Wakitimia 500, orodha ya kungoja haiguswi. Wakiwa 480, kinachota ishirini, na hakifuati mstari kama watu wenye madumu bombani. Katika vyuo vingi hakuna namba moja wala namba mbili. Kinaangalia kilichopungua: waombaji wa fani fulani, wavulana au wasichana, watu wa eneo fulani. Baadaye kinaangalia fedha zilizobaki, na hapo ndipo mwombaji wa kwetu anakwama, kwa sababu mwezi Mei mfuko wa burse za wageni huwa umekwisha kugawanywa.

Viko vyuo vichache visivyoangalia, wakati wa kuchagua, kama mwanafunzi wa nje anahitaji msaada. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin ni miongoni mwavyo. Vingi vinaangalia. Tena utaratibu wa Machi si lazima uwe ndio utaratibu wa orodha ya kungoja. Kwa hiyo waandikie swali moja tu: "Mwaka huu, mwanafunzi wa kimataifa anayetolewa kwenye orodha ya kungoja anaweza kupewa burse inayoziba mahitaji yake yote?" Wakijibu hapana, umepata jibu lako mwezi Aprili badala ya Julai.

Kipimo kingine kiko wazi kwa kila mtu. Vyuo vingi vya Marekani huchapisha kila mwaka waraka uitwao Common Data Set. Andika jina la chuo na maneno hayo kwenye intaneti, fungua, shuka mpaka sehemu ya C2. Utakuta tarakimu tatu: walioambiwa wangoje, waliokubali kungoja, walioingizwa. Gawanya ya tatu kwa ya pili. Tuseme waliokubali ni 1,200 na walioingizwa 36: hiyo ni 3 kwa mia. Angalia miaka mitatu au minne, kwa sababu chuo kilekile kinaweza kuchukua mia mwaka mmoja na sifuri mwaka unaofuata.

Na leo hii, kabla hujalala: ingia kwenye ukurasa wako wa mwombaji, katika kila chuo kati ya hivyo viwili, ujaze fomu ya kukubali kungoja. Barua ile ya Machi ilikuwa mwaliko tu. Asiyejaza fomu hayumo kwenye orodha, na hakuna atakayemkumbusha. Kujaza hakukufungi kwa lolote. Unaweza kulipa avansi Ohio na bado ukangoja Massachusetts, ni halali kabisa. Ukiitwa, unaiandikia Ohio kwamba unaachia nafasi na avansi inapotea. Kisichokubalika ni kulipa avansi vyuo viwili kwa wakati mmoja. Vikigundua, vyote viwili vinaweza kufuta jina lako.

Mtu wa ofisi moja mjini anataka dola 600 "kusukuma" jina

*"Mimi ni baba wa watoto sita, Kampemba. Kuna mtu anasema ana mwenzake ndani ya chuo, nikilipa 600 jina la binti yangu litapanda juu."*

Papa, usilipe. Kama tulivyoeleza hapo juu, katika vyuo vingi orodha haina juu wala chini, kwa hiyo hakuna pa kulipandishia jina. Uamuzi hufanywa na kamati baada ya 1 Mei, kwa kuangalia nafasi na fedha zilizobaki. Hela zozote zinazodaiwa na chuo hulipwa kupitia ukurasa wa mwombaji wenyewe, au kampuni ya malipo ambayo ukurasa huo unakupeleka, na barua pepe za chuo hutoka kwenye anwani inayoishia na .edu. Kama mtu huyo ana neno la siri la ukurasa wa binti yako, libadilisheni leo. Wapo wanaojibu maswali ya chuo kwa jina la mtoto, na uongo mmoja ukionekana humo, binti ndiye anayefukuzwa.

Barua ya kusema "bado nataka" iandikwe namna gani?

*"Prefe wetu (mkuu wa shule) anasema nitume barua. Rafiki anasema nitume kila wiki wasinisahau. Nani ana haki?"*

Prefe. Tuma moja sasa, na ya pili siku utakapokuwa na habari mpya ya kweli, kama matokeo ya mtihani wa Serikali. Isipite ukurasa mmoja. Kwanza soma maagizo ya chuo: vingine vina sehemu maalumu ya kuibandika barua hiyo, na vichache vinasema wazi havitaki nyongeza yoyote. Ukituma kwa waliokataza, umeonyesha kwamba husomi.

Utaiandika kwa Kiingereza. Hapa tunaiweka kwa Kiswahili uone mifupa yake:

*"Mheshimiwa Afisa wa Udahili. Nimejaza fomu ya kubaki kwenye orodha ya kungoja. Chuo chenu bado ni chaguo langu la kwanza. Nikipewa nafasi yenye burse inayotosha, nitakuja. Tangu Januari mambo mawili yamebadilika. Katika kipindi cha tatu nimepata 78% ya fizikia, kutoka 71%. Biletini (karatasi ya alama) yenye muhuri wa shule imeambatishwa. Mwezi Machi, mimi na wenzangu wanne tulitengeneza pampu ya mkono ya kisima cha mtaa wetu. Tulibadilisha mipira ya pistoni iliyochakaa, na tukaandika kwa Kiswahili karatasi ya matengenezo ambayo mlinzi wa kisima anaifuata kila mwezi. Kazi hiyo ndiyo iliyonifanya niangalie tena masomo yenu ya uhandisi wa maji. Uwezo wa familia yangu ni uleule niliouandika kwenye fomu ya fedha: dola 3,000 kwa mwaka. Matokeo ya mtihani wa Serikali nitayatuma siku yatakapotoka. Asante kwa kunifikiria."*

Angalia kila sentensi inabeba nini. "Nitakuja" inamwambia afisa kwamba akikupa nafasi haitarudi mikononi mwake. Mwezi Juni hana muda wa kubembeleza watu. Neno hilo liandikie chuo kimoja tu, maana ukiliandikia viwili umedanganya kimojawapo. Alama mbili zenye tarakimu zina uzito kuliko "nimefanya bidii sana." Mipira ya pistoni inaonyesha kwamba mikono yako ilikuwa kwenye pampu. Na sentensi ya fedha inazuia ile aibu ya kuitwa halafu kukataa kwa sababu ya pengo.

Yanayoharibu tunayaona kila mwaka: jina la chuo kingine lililobaki kwenye barua iliyonakiliwa, picha za biletini zilizopigwa na simu gizani zisizosomeka, barua tano za mapendekezo kutoka kwa mchungaji, mkuu wa kata na mjomba, na mzazi anayepiga simu ofisini. Barua pepe iandikwe na mwanafunzi mwenyewe. Tafuta kwenye ukurasa wa chuo jina la afisa anayesimamia maombi ya Afrika, umwandikie yeye.

Shule itume nini?

*"Ni prefe wa masomo, commune ya Kenya. Nina wanafunzi wawili wanaongoja. Wazungu wanaelewa pasenti zetu?"*

Bwana Prefe, wengi hawazielewi, na hapo kazi yako inaweza kusaidia kuliko barua kumi za sifa. Msomaji wa Marekani akiona 70% anafikiri ni mwanafunzi wa wastani, kwa kuwa kwao 70 ni alama ya chini. Andika ukurasa mmoja unaoeleza shule: kufaulu huanzia 50%, mwaka wa sita una wanafunzi wangapi katika kila opsheni, wangapi mwaka jana walipita 70%, na mwanafunzi huyu ni wa ngapi darasani. "Wa 2 kati ya 41" inasomeka katika nchi yoyote.

Tuma pia biletini ya kipindi kilichokwisha, kwa Kifaransa na kwa tafsiri ya Kiingereza. Vyuo vingi hupokea tafsiri iliyothibitishwa na shule kwa muhuri na sahihi. Vingine vinataka mtafsiri aliyeapishwa, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Changanua karatasi kwa mashine, siyo kwa simu, PDF moja, kurasa zimepangwa.

Lililo zito ni kalenda. Exetat, yaani mtihani wa Serikali, ina hors-session (sehemu ya kwanza), kisha session ordinaire (mtihani wenyewe), na matokeo hutoka wakati vyuo vya Marekani vinakaribia kufungua. Diplome yenyewe inaweza kuchelewa sana. Andika sasa barua inayosema hivyo: mtihani unafanyika lini, matokeo hutangazwa na Serikali na si na shule, na karatasi ya kwanza itakayopatikana ni ile ya muda inayothibitisha kufaulu. Chuo kilichoelezwa mapema hungoja. Chuo kilichokuta sanduku tupu mwezi Julai hufikiri mtoto ameanguka.

Nimwandikishe UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) wakati tunangoja?

*"Mama wa Ruashi. Kijana wangu anasema nikimwandikisha hapa nitaharibu bahati ya Marekani. Mimi naogopa akose kote."*

Mama, mko na haki wote wawili, na jibu liko kwenye tofauti ya kuandikishwa na kusoma.

Kutayarisha dosie na kushika nafasi hapa hakuharibu chochote. Chuo cha Marekani hakiangalii kama jina la kijana liko apparitorat (ofisi ya uandikishaji) ya Lubumbashi. Kinachobadilisha mambo ni kuanza masomo ya mwaka wa kwanza na kupata alama. Vyuo vingi huko humhesabu mtu wa namna hiyo kuwa mwanafunzi wa kuhama, si mwanafunzi mpya, na burse za wageni wanaohama ni chache mno kuliko za wanaoanza. Kijana akianza Polytechnique (fakulte ya uhandisi) hapa Novemba, akafanya mitihani, halafu akaomba tena Marekani, anaweza kukuta mlango wa fedha umekuwa mwembamba. Kama bado anaufikiria mlango huo, asome kanuni ya chuo husika kabla ya kuketi darasani.

Kwa bahati kalenda inawasaidia. Marekani huanza katikati au mwisho wa Agosti; mwaka wa masomo wa hapa huanza baadaye. Kufikia siku ya kulipa sehemu ya kwanza ya frais (ada) hapa, orodha ya kungoja itakuwa imeshafungwa. Kwa hiyo tayarisheni sasa: nakala ya biletini za mwaka wa tano na wa sita, hati ya kuzaliwa, cheti cha mwenendo mzuri, cheti cha daktari, picha za paspoti, na matokeo yakitoka, karatasi ya kufaulu au diplome. Pita apparitorat ya fakulte anayoitaka uulize mawili: wanadai pasenti ngapi ya diplome, na kama kuna jaribio la kuingilia, ni siku gani. Jaribio ndilo linalowapita wengi, kwa sababu tangazo hubandikwa ukutani wakati watoto wa "tunangoja Marekani" wako nyumbani. Malipo yote yapite benki, na bordero (risiti ya benki) uihifadhi.

Kama anachotaka ni kompyuta, aangalie pia ESIS Salama. Ni shule ya hapa hapa mjini, na wazazi wengi huifikiria pale tu kila kitu kingine kimeshindikana. Tunaona ni kosa kuifikiria mwisho.

Zambia, Afrika Kusini au Ubelgiji: bado kuna nafasi?

*"Tuko tayari kumtoa nje ya nchi, lakini tumechoka kungoja Marekani."*

Inategemea mwezi unaosoma ukurasa huu.

Afrika Kusini ndiyo inayokaa vizuri zaidi na kalenda yetu, kwa kuwa mwaka wao huanza Februari. Chuo Kikuu cha Cape Town kwa kawaida hufunga maombi mwisho wa Julai, Wits (Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg) mwisho wa Septemba kwa masomo mengi. Aliyekosa Marekani mwezi Juni bado ana pa kuomba. Diplome ya Congo lazima itambuliwe na ofisi ya vyuo vikuu vyao, Universities South Africa, na hilo lianze mapema kwa sababu ndilo linalochelewesha watu. Viza ya kusoma inadai bima ya matibabu iliyosajiliwa Afrika Kusini, imelipiwa. Nchi hiyo ina konseli hapa Lubumbashi, nanyi mtaokoa tiketi ya Kinshasa.

Zambia iko karibu, Kasumbalesa mnaijua. Copperbelt University iko Kitwe, University of Zambia iko Lusaka. Wanataka masomo matano ya sekondari yenye alama nzuri, Kiingereza kikiwemo, na hapo diplome yetu lazima ipelekwe ZAQA, mamlaka yao ya kutambua vyeti. Mwanafunzi ambaye Kiingereza chake ni cha darasani tu atateseka. Bora atumie miezi sita kwenye lugha kwanza. Msimvushe mpaka bila kibali cha kusoma.

Ubelgiji mlango umebana. Vyuo vikuu kadhaa hufunga maombi ya wasio raia wa Ulaya mwisho wa Aprili, na ombi la ekivalansi ya diplome (kutambuliwa kwake rasmi huko) linatakiwa kabla ya 15 Julai. Aliye mwaka wa sita sasa, matokeo ya Exetat mara nyingi hayajamfikia tarehe hiyo. Uhesabuni kuwa mpango wa mwaka kesho.

Na kwa anayetaka Marekani tu: mwanzoni mwa Mei, chama cha washauri wa udahili, NACAC, hutoa orodha ya vyuo ambavyo bado vina nafasi na vinavyosema kama bado vina burse. Ni vyuo visivyojulikana sana huku. Chuja kwanza wanaosema wana fedha kwa wageni, andikia watano au sita kati yao, na taja uwezo wa familia kwenye barua ya kwanza.

Wakituita, tuna muda gani? Na tungoje mpaka lini?

*"Tunaishi Annexe, umeme unakatika kila siku. Naogopa barua ije usiku tusiione."*

Woga wako una msingi. Anayetolewa kwenye orodha ya kungoja mara nyingi hupewa saa 48 au 72 za kujibu, wakati mwingine wiki. Kipindi cha Marekani cha joto, Lubumbashi iko mbele ya Massachusetts kwa saa sita. Barua inayotumwa huko saa kumi jioni inakufikia saa nne usiku. Na ukiandikiwa mwisho ni dakika moja kabla ya usiku wa manane kwa saa zao, kwako ni karibu saa kumi na mbili alfajiri ya siku inayofuata. Kuanzia 1 Mei fungua barua pepe asubuhi na usiku, angalia pia folda ya taka, na umpe mtu mmoja wa kuaminika mwenye umeme wa uhakika kazi ya kuangalia siku ambazo kwenu ni giza. Namba ya simu iliyo kwenye ukurasa wa mwombaji iwe ile inayopatikana. Wengine hupiga kabla ya kuandika.

Ukiitwa, usijibu ndiyo mpaka uone barua ya burse. Nafasi na fedha wakati mwingine huja siku mbili tofauti. Jibu siku hiyohiyo: "Nashukuru, nataka kuja, naomba barua ya ufadhili ili nithibitishe kabla ya tarehe mliyotoa." Hilo si kukataa.

Sasa rudi nyuma na kalenda. Wanafunzi wa kimataifa hutakiwa kufika kati ya tarehe 10 na 20 Agosti katika vyuo vingi. Kabla yake kuna safari na mahojiano Kinshasa, na tarehe ya mahojiano haiko mikononi mwako. Kabla ya mahojiano unalipa ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni), dola 350, na ya viza, dola 185. Kabla ya hayo, I-20, ambayo inaweza kuchukua wiki moja mpaka tatu kutegemea ushahidi wa benki umefika ukiwa kamili au la. Paspoti isiyokuwepo hadi Juni inavunja mlolongo huu wote, kwa hiyo aliye kwenye orodha aishughulikie sasa hata kama hajui ataitwa.

Kama ulikwishalipa SEVIS kwa I-20 ya chuo kingine na hujaitumia, usilipe mara ya pili. Malipo hayo yanaweza kuhamishiwa kwenye namba mpya. Lakini viza iliyotolewa kwa jina la chuo cha kwanza usiingie nayo ukielekea cha pili. Wape konseli I-20 mpya kwanza.

Kwa hesabu hiyo, kwa mtu wa Lubumbashi mwisho wa kungoja tunauweka 10 Julai. Akiitwa baada ya hapo, aulize chuo mara moja kama anaweza kuanza Januari au mwaka unaofuata na burse ileile, na jibu liwe kwa maandishi. Wakisema hapana, mwandikie afisa mstari mmoja wa kujitoa, ili nafasi iende kwa mwingine, na siku hiyohiyo peleka dosie apparitorat.